Girdhari Nyuma ya Dirisha

Katika nyumba yetu ya Kanpur shati halitupwi. Likiisha kola huwa foronya, foronya ikichoka huwa kitambaa cha kupangusia, na kitambaa humalizikia kuwa utambi wa taa. Shati la mwisho la marehemu mume wangu lilikuwa limefika kwenye kitambaa. Bingwa wa mambo hayo alikuwa shemeji yangu Girdhari, mdogo wa mume wangu, ambaye hakuoa na aliishi chumba cha juu. Alichemsha maziwa juu ya pasi iliyogeuzwa juu chini. Antena ya redio yake ilikuwa spoku ya baiskeli.

Mume wangu alikuwa wakili, na baba yake wakili. Mimi nina shahada ya pili ya historia. Girdhari alitengeneza feni na majiko, ameketi juu ya gunia kando ya njia ya stesheni. Nilipoulizwa habari zake na watu wa mbali nilisema ni injinia wa mifereji huko Nagpur. Mwenyewe alicheka.

"Basi niongezee mshahara, shemeji. Injinia gani anakula mkate wa jana?"

Juni ile walikuja watu kumwona binti yangu Vasudha kwa ajili ya posa. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Familia mbili zilikwisha kumwona na kukaa kimya. Hii ya Bwana Mathur, hakimu mstaafu wa Lucknow aliyemtafutia mwanawe mke, ilikuwa ya tatu, na sikuona ya nne itatoka wapi. Tuliazima viti kwa jirani mmoja na vikombe kwa mwingine, kama ilivyo desturi ya mtaa wetu. Vikombe hivyo vilikwisha kuposea wasichana sita.

Asubuhi hiyo pampu ya kipoza hewa ikafa. Kilikuwa sanduku la bati lililoning'inia nje ya dirisha la sebule, feni ndani, mikeka ya nyasi pande tatu, na pampu ya kuilowesha mikeka. Pasipo maji kinapuliza moto, na joto la siku hiyo lilikuwa nyuzi arobaini na sita.

Girdhari aliigeuzageuza pampu mkononi. "Hii haifufuki. Pampu ni mimi basi. Nitasimama kibarazani nimwagie nyasi kwa kopo. Wao watasikia ubaridi tu."

"Kuna jua kali pale, baba mdogo," Vasudha alisema.

"Jua ndiyo ofisi yangu, mwanangu. Hapa angalau kuna maji."

Nikamwambia, "Usikohoe. Na usikanyage sebuleni."

"Injinia yuko Nagpur, shemeji. Atakohoaje Kanpur?"

Wageni walifika saa tano. Sebule ilinukia nyasi mbichi. Mama Mathur alivua viatu akashusha pumzi. "Dada, hapa kwenu ni kama milimani. Kipoza chetu sisi ni kelele tupu."

"Na ndugu wa marehemu?" mumewe akauliza.

"Yuko Nagpur. Mambo ya mifereji."

Nyuma ya bati niliyasikia maji yakimwagika, kopo baada ya kopo.

Walikuwa wamesema watakaa kwa muda wa saa moja tu. Wakala sambusa, wakataka Vasudha aimbe, kisha wakakubali chakula cha mchana. Ilipokaribia saa nane harufu ya nyasi ilikata. Upepo ukawa mkavu, halafu wa moto. Nikasikiliza kopo. Kimya. Vasudha, ameshika bakuli la dengu, alinitazama akaanza kuinuka. Nikamtikisia kichwa. Akakaa.

"Kimechoka nacho," Mama Mathur alisema, akijipepea kwa upindo wa sari.

"Umeme wa mchana huwa hafifu huku," nikajibu, nikamwongezea wali.

Bwana Mathur alikuwa bado hajatamka neno la posa. Alilitamka wakati wa kunawa mikono: wamempenda msichana. Tukalishana ladu, vitamu vya kufungia posa. Walipoondoka ilikuwa saa tisa na robo.

Vasudha alifika kibarazani kabla yangu. Girdhari alikuwa ameketi, ameegemea bati, kopo mapajani. Ngozi yake ilikuwa kavu, inaunguza. Ndoo ilikuwa bado na maji. Mdomoni alikuwa amejisokomeza kile kitambaa, shati la kaka yake, asikohoe.

Alifia hospitalini asubuhi ya pili yake. Watu wa Lucknow walipokuja kutupa pole, niliwaambia alishuka treni ya jioni akiwa tayari amepigwa na upepo wa moto. Jeneza lilibebwa na mafundi wanne wa njia ya stesheni, mmoja wao na bisibisi mfukoni.

"Ni akina nani hawa?" Bwana Mathur aliuliza.

"Wafanyakazi wake wa mifereji."

Yule wa bisibisi alinisikia. Alimgeukia hakimu. "Ndiyo, bwana," akasema. "Injinia alikuwa mkubwa wetu."

Harusi ilifanyika Februari. Jina letu halikupata doa. Mpaka leo Mama Mathur huwasimulia wageni wake ubaridi wa sebule yetu. Akianza tu, Vasudha huinuka na kwenda jikoni.