Mkono Juu Chini ya Usukani

Spana Kumi hakuogopa kitu chenye injini. Aliwahi kulala chini ya lori lililoinuliwa kwa mawe na gogo, akapitiwa na usingizi, wenzake wakamwamsha kwa chai. Jina alipewa gerejini kwa sababu spana namba kumi ikipotea hukutwa mfukoni mwake, naye hushangaa kuliko wote. Mtu huyu, mwenye mke, watoto watatu na kitambi kinachomtangulia mlangoni, aliogopa binadamu mmoja tu: mwalimu mkuu mstaafu aliyemfundisha hesabu darasa la sita.

Ndiye aliyempigia simu Jumamosi ile asubuhi.

"Fundi, limegoma tena. Na wanangu wanafika saa nne."

Mwalimu alipostaafu, wanawe walitegemea atafuga kuku. Yeye akanunua gari la michezo, jekundu, lililolala chini kiasi kwamba paka wa jirani alilitazama uso kwa uso. Wanawe watatu wakafanya kikao bila yeye, wakaamua liuzwe. Mwalimu akawapa sharti: waje Jumamosi, na wakikuta haliwaki, atawakabidhi ufunguo kwa mkono wake mwenyewe. Kulirudisha neno lake halikuwa jambo analolijua. Darasa zima la Spana Kumi liliwahi kuahidiwa viboko, likakalia ushahidi wa hilo kwa uchungu.

Saa mbili na nusu fundi alikuwa uani kwa mwalimu. Akabonyeza kitufe cha kuwashia. Kioo cha dashibodi kikaandika kwamba usukani umefungwa, gari likatulia kama mkwe aliyenuna. Kwenye shina la usukani kuna kikasha chenye mota ndogo na kipini cha chuma. Ukizima gari, kipini kinaingia kwenye pengo na kuufunga usukani ili mwizi asifike mbali, ukiwasha, kinatoka. Hiki kilikataa kutoka.

Alishaitwa mara mbili kwa ugonjwa huu huu. Mara zote mbili alilitoa gia, akalisukuma kidogo apate nafasi ya kufungua mlango, akagusa waya huu na ule, likawaka, akajisifu njia nzima. Leo mlango ulifunguka vizuri, kwa hiyo hakusukuma kitu.

"Nilishakueleza," alisema mwalimu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. "Linagoma likilala hapa nyumbani tu. Sokoni haligomi. Benki haligomi. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

Hakuelewa. Alilisema neno hilo kama alivyolisema darasa la sita pamoja na wenzake arobaini, kwa sauti moja, kwa furaha, bila hata mmoja kujua kinachoendelea ubaoni.

Akaingia. Gari la kawaida unaingia. Hili unalivaa, na yeye alihitaji saizi mbili zaidi. Kichwa kikawa chini ya usukani, miguu nje, kitambi kikabanwa katikati.

"Unapumua?" aliuliza mwalimu.

"Kwa zamu, mwalimu."

Akafungua kikasha. Kipini kilikuwa kimechubuka upande mmoja. Akakisugua kwa tupa, akakipaka grisi, akarudisha kila kitu, akabonyeza. Usukani umefungwa. Saa ya ukutani sebuleni ilionyesha saa nne kasoro robo.

"Sasa?" aliuliza mwalimu.

Jibu la kumwokoa lilikuwa tayari mdomoni: hiki mpaka kiagizwe kipya, wiki mbili. Hakuna mteja aliyewahi kulibishia. Lakini kutoka kule chini alichokiona ni viatu vya mwalimu tu, vile vyeusi vya kamba, vimepigwa rangi hadi vinang'aa. Alikuwa amevaa kabisa vya kuendeshea.

Spana Kumi akanyoosha mkono juu, wote una grisi.

"Ndiyo," alisema mwalimu, kabla hata hajafikiri.

"Mwalimu, sijaelewa."

Vile viatu vikasogea karibu.

"Tangu lini?"

"Tangu darasa la sita. Lakini tuanze na gari." Akavuta pumzi, zamu yake ilikuwa imefika. "Kipini kimelika upande mmoja tu. Kuna kitu kinakibana. Ukirudi nyumbani unaegeshaje? Nieleze kama mtu mjinga."

"Hapo hunipi kazi," alisema mwalimu. "Ua huu una mteremko. Marehemu mume wangu alinifundisha kukata usukani mpaka mwisho, tairi iegemee ngazi ya baraza, ndipo nizime. Breki waamini vijana. Mimi naamini ngazi."

Sasa alielewa, na safari hii ilikuwa kweli. Usiku kucha uzito wa gari ulikuwa unausukuma usukani, na usukani unakiuma kipini. Ile mota ndogo ilikuwa inavuta shati lililokaliwa na mtu. Zile mara mbili, kulisukuma ndiko kulikokiachia kipini, si waya.

"Mwalimu, uvute usukani utoke upande wa ngazi, kwa nguvu, huku unabonyeza kitufe."

"Umekalia kiti changu."

Kumtoa kulichukua dakika nne, mwalimu akivuta miguu. Kisha akaketi, akafunga mkanda, akauvuta usukani kama anayevuta sikio, akabonyeza. Gari likanguruma. Paka wa jirani akahama mtaa.

"Kuanzia leo tairi zinyooke," alisema fundi, "breki ya mkono juu, na jiwe chini ya tairi. Halitakusumbua tena."

"Umeeleza vizuri."

Spana Kumi akageuka kuangalia aliyekuwa anaambiwa.

Wanawe waliingia getini saa nne kamili, kifungua mimba mbele na faili kwapani.

"Mama, zima kwanza tuongee."

"Mmelikuta linawaka, ufunguo unabaki kwangu. Mwenye la kuongeza aongezee humu ndani. Viti ni viwili, kwa hiyo mmoja mmoja. Tunaanza na mkubwa."

Mkubwa akapanda, faili magotini. Gari likatoka getini, na sauti yake ikasikika vizuri hata baada ya lenyewe kutoonekana. Wawili waliobaki wakakaa barazani na fundi, wima, mikono mapajani.

Liliporudi, mkubwa alishuka taratibu, ameshikilia paa, nywele zote zimelala nyuma.

"Amesemaje?" aliuliza wa pili.

"Hakusema kitu. Nimesema mimi."

"Umemwambia nini?"

"Apunguze mwendo."

"Na la kuuza?"

"Mwambie wewe."

Kutoka ndani ya gari mama yao akaita, kwa sauti ile ile ya ofisi ya mwalimu mkuu: "Anayefuata."