Ng'ombe wa Mahakama

Baba alipofariki alituachia mashine ya kukoboa mpunga hapa Mpanda, wajane wawili, na watoto wasiopatana. Kaka yangu wa mama mkubwa akafungua shauri, eti mashine yote ni yake kwa kuwa yeye ndiye mwanaume. Mimi niliyeshinda pale tangu usichana, nikila vumbi la pumba mpaka kope zikawa nyeupe, nikasema haiwezekani.

Hakimu akaamuru mashine isisimame, ila mapato yatunzwe mpaka hukumu itoke. Alipendekeza benki, akaunti ya sahihi mbili. Mimi na kaka hata salamu ilitushinda, hizo sahihi mbili tungezitoa wapi? Nikamtaja mjomba wa kule Sitalike, kaka yake mama. Kaka naye akakubali, maana ng'ombe wa mahari yake waliwahi kutunzwa kwenye zizi la mjomba na hakupotea hata ndama.

Nilitoka mahakamani kifua mbele. Mjomba ni mama, nilijiambia, na mama hamwibii mwanawe. Kila juma nilimpelekea mapato. Nilikuta zizi lake linazidi kujaa, nami kwa ujinga wangu nikampongeza. Mama yangu alikuwa akiishi kwake tangu atoke eda, akaniletea maziwa, tukacheka wote watatu.

Hukumu ikatoka: nusu kwa nusu. Anayetaka mashine amlipe mwenzake nusu yake, la sivyo ipigwe mnada. Sikuwa na wasiwasi. Fungu langu la yale mapato lingetosha kumlipa kaka, na mashine ya baba ingebaki mikononi mwangu.

Mjomba akaitwa azilete pesa. Akaja mikono mitupu.

"Mheshimiwa, noti haizai," alisema. "Mimi ni Msukuma, pesa ikilala naumwa kichwa. Nilinunua ng'ombe. Sasa ugonjwa wa ndigana ukaingia, wakafa."

"Na hao waliojaa zizini?" hakimu aliuliza, maana nilikuwa nimemweleza nilichokiona kule.

"Hao wangu."

"Wote si wana chapa yako? Umejuaje waliokufa ni wepi?"

"Mwenye zizi anajua tu, mheshimiwa. Waliokufa ndio wa mahakama."

Watu wakaangua kicheko. Hata kaka alicheka, na huku pesa zake nazo zimekufa na ndigana! Mimi nilitamani kumrukia mjomba nimng'ate.

Hakimu akauliza nani mwingine anayajua hayo. Mjomba akamnyooshea kidole mama. Nikashusha pumzi. Mama yangu huyu hajui kusema uongo, nilijua sasa mambo yameisha.

Alisimama, akafunga khanga yake upya, hakunitazama. "Waliokufa ni wa mahakama," alisema. "Mimi nilikuwepo."

Nilimfuata nje. "Mama, kwa nini?"

"Wewe utaolewa uende zako, mwanangu. Huyu ndugu yangu ndiye atanizika."

Hakimu hakudanganyika. Alimwamuru mjomba alipe zote. Mjomba akakata rufaa, na mnada haukuisubiri rufaa yake. Mashine ilichukuliwa na mfanyabiashara mmoja wa mjini, akaipaka rangi ya kijani; nusu yangu ya bei ya mnada ikaishia kwenye gharama za kesi. Nikipita kupeleka mpunga napanga foleni kama watu wengine, na kijana wake ananiuliza kama nimewahi kufika pale.

Rufaa bado inasubiri. Mjomba akikutana nami sokoni ananiita mpwa wangu, nami namwamkia shikamoo kwa kuwa nimelelewa, ila moyoni simsamehe, wala mama simsamehe.

Mama hunitumia maziwa mgando ya zizi lile kwa watu wa pikipiki wanaotoka Sitalike. Mwanzoni niliyamwaga. Siku hizi sithubutu kumwaga hata tone. Nakaa kizingitini nayanywa mpaka nione chini ya chombo, maana katika urithi wote wa baba, hayo ndiyo yaliyonifikia.