Jani la Isale Mezani

Hadi leo nikiukumbuka ule mkutano damu inanichemka. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye lori anahangaika kuvuka mipaka, na kaka yangu alikwama nchi za watu na shehena ya maharage. Serikali mbili za huko zilikuwa zikigombea kipande cha ardhi, nazo zimefunga barabara. Zikaja kuzungumza Arusha, kwenye hoteli niliyokuwa nikiandaa meza.

Wasipoelewana, kaka harudi. Kwa hiyo asubuhi moja nilikata jani la isale nyuma ya chumba changu Kimandolu, nikalifunga fundo, nikaliweka katikati ya meza yao. Kwetu Uchagani mtu akikuletea isale anakuomba msamaha, na huwezi kumkatalia. Nilidhani nawasaidia kusameheana.

Wakubwa wale wakaliona. Kila upande ukamuuliza dereva wake wa kukodi hapa mjini maana yake, na madereva wote wawili walikuwa Wachaga, wakaeleza vizuri tu. Basi kila upande ukaamini kwamba ni wenzao walioliweka, kwamba wamekiri kosa. Mchana wakakaa wakingoja kuombwa radhi. Nilipita na chai mara tatu, hakuna aliyefungua mdomo. Hawa wakaona wanadharauliwa, wale wakaona wanachezewa. Jioni wakafunga mabegi. Wiki haikuisha, mizinga ikaanza kulia.

Haya nilisimuliwa baadaye na mmoja wa wale madereva, ambaye tunasali naye. Watu wazima wenye digrii, suti na wakalimani walishindwa kuuliza swali ambalo hata mnunuzi wa nyanya pale sokoni Kikatiti angeuliza: nani kaweka hiki hapa? Nilikuwa nimesimama mlangoni, birika mkononi. Na mimi nikanyamaza, maana mhudumu hasemi neno mbele ya wageni. Hilo nalo linanikasirisha.

Kaka aliletwa kwenye lori la mtu mwingine, ndani ya sanduku. Baada ya mazishi nilikata isale jingine, nikapiga magoti mbele ya mama, nikamweleza kila kitu. Alilipokea kwa mikono miwili.

"Na hawakukuuliza?"

"Hawakuniuliza, Mama."

"Wewe nimekusamehe," alisema. "Wao bado hawajaniletea."

Mama naye ameshakufa. Hawakuleta.