Kaka yangu aliosha panga, mimi nikasema nilikuwa kipaimara

Admin, naomba usiweke jina langu wala la kijiji chetu. Nina miaka kumi na saba, nipo kidato cha nne, tunaishi kwenye miteremko ya Meru. Mimi si mtu wa kuongea, hata darasani najibu nikiitwa tu. Ndiyo maana naandika.

Kaka yangu ana miaka ishirini na mbili na ana usonji. Haangalii mtu machoni, hapendi kelele, na kwake kila kitu kina mahali pake. Baba alimfundisha tangu mdogo kwamba panga likitumika linaoshwa mferejini, linafutwa, linatundikwa kwenye msumari wake stoo. Hajawahi kuruka hilo hata siku moja.

Miaka miwili iliyopita, Jumamosi, nilitakiwa niwe kanisani kwenye mafundisho ya kipaimara. Nikatoroka, nikajificha stoo kusoma riwaya. Kaka alikuwepo, anachambua kahawa, nzima huku, zilizovunjika kule. Tukasikia ugomvi kwenye migomba ya jirani, halafu yowe. Kaka akaziba masikio, akajikunja miguuni pangu. Tulikaa hivyo mpaka kukawa kimya. Kisha yeye akatoka, mimi nikabaki kwa woga. Watu walipofika walimkuta mferejini anaosha panga letu lililojaa damu, ambalo baba alikuwa amelisahau shambani asubuhi. Mzee jirani yetu alikuwa amelala kwenye migomba, amekatwa, amekufa.

Polisi akamuuliza, "Wewe, umeosha panga kwa nini?"

"Chafu."

"Nani amemuua mzee?"

Kaka akaanza kutikisa mwili. Mama mmoja akadakia, "Anajifanya huyo! Hata shikamoo hajawahi kutupa."

Polisi akanigeukia; nilikuwa nimeshatoka stoo na kujichanganya na watu. Baba, ambaye ni mzee wa kanisa, alikuwa amesimama hapo hapo. "Na wewe binti, ulikuwa wapi?"

Nikasema, "Nilikuwa kipaimara."

Nilidhani kaka ataachiwa kesho yake. Hakuachiwa, na kila siku niliyongoja, ule uongo ulizidi kuwa mgumu kuutoa.

Mwezi uliopita alihukumiwa kunyongwa. Jaji akisoma, kaka alikuwa anatabasamu akiangalia feni inavyozunguka. Watu wakaguna. Nikaona aibu na hasira, zote juu yangu mwenyewe.

Usiku ule nilimwambia mama kila kitu. Akaniziba mdomo kwa mkono. "Nyamaza mwanangu. Maelezo yako yapo polisi. Watakufunga na wewe, na baba yako kwa presha ile hataamka. Nibaki na nani?"

Juzi tulienda kwa wakili wa rufaa, kule mjini, Themi. Akauliza, "Kuna yeyote aliyekuwa na kijana saa ile? Naweza kuiomba mahakama imsikilize." Baba akajibu, "Hakuna, mwanasheria." Nilikuwa nimekaa pale pale, naangalia viatu vyangu vya shule.

Wiki ijayo wakili anapeleka makaratasi ya rufaa mahakamani. Gerezani kaka hali chakula kilichochanganywa, na maharage humwagiwa juu ya ugali. Amekonda mpaka shingo inatisha.

Nyie mnaojua sheria, nitafungwa? Na nyie wazazi, nianze na baba, au nimfuate wakili peke yangu? Msiniambie nisali tu, nimesali sana. Niambieni nikishafika mbele ya baba au wakili na sauti ikagoma, naanza na neno gani?