Wakili Mngoni wa Ilomba

Evarista alikwenda Mbeya mjini roho ikiwa juu. Mashine ya kukoboa mpunga pale Ubaruku, aliyoimiliki pamoja na Habibu, ilikuwa imefungwa, na watu walishaanza kuvuna. Habibu alitaka ihamie Igawa, kwenye barabara kuu. Evarista hakutaka hata kusikia, kwa sababu marehemu mumewe ndiye aliyeisimika. Mkataba wao ulisema wakikwama watafute wakili awapatanishe. Akishindwa, aitwe mwamuzi ambaye neno lake ndilo la mwisho. Na mwamuzi, kila mtu anajua, angewagawanya tu, kila mtu ashike njia yake.

"Tafuta wewe, dada," Habibu alimwambia. "Utakayemkubali wewe, na mimi nimemkubali."

Mawakili wawili walimpiga tarehe. Wa tatu, Faustina, mwenye ofisi Ilomba, alimuuliza kwao wapi.

"Iringa. Mhehe mimi."

"Kumbe mtumwa wangu! Mimi Mngoni."

Evarista alicheka mpaka machozi yakamtoka, mara ya kwanza tangu ugomvi uanze. Mtani, kama Wahehe na Wangoni wote tangu vita vya mababu! Akaona kazi imekwisha. Hapo ndipo alipokosea, maskini, maana mtani alikuwa wake yeye, si wa Habibu.

Siku ya kikao Habibu alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, akaeleza shida yake taratibu, bila kumsema mtu vibaya. Ilipofika zamu ya Evarista, hata hajamaliza sentensi, Faustina akamkatiza.

"Nyamaza wewe! Wahehe mnajua nini zaidi ya kukimbia vita?"

"Tuliwafukuza sisi mpaka Songea!"

Wakagongeana mikono juu ya meza, wanacheka. Faustina hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Ndivyo watani wanavyopoza mambo misibani, na alidhani hapa pia patapoa.

Habibu hakucheka. Alivaa kofia yake, akasimama.

"Kaka Habibu, utani tu huo," Evarista akasema, na hofu ikamshika kweli.

"Najua ni utani, dada. Nimekaa Ubaruku miaka kumi na tisa. Mumeo nimemshusha kaburini kwa mikono hii. Hamjawahi kunitania hata siku moja." Akageukia mlango. "Mwiteni huyo mwamuzi."

Evarista akatafuta neno la kumtania, lolote lile, hata la kijinga. Hakulipata.