Mujaja wa Chumbani

Miaka ya tisini, tulipokuwa tukiishi Mafubira, mama alikuwa akining'iniza vishada vya mujaja, majani yenye harufu nzuri, chumbani vikauke, tupate majani ya chai wakati wa kiangazi. Siku moja askari waliokuwa wakisaka bangi waliuvunja mlango kwa mateke.

"Bangi hii," mkubwa wao alisema.

"Hapana, afande," mama alijibu. "Ni mujaja, ya chai."

"Chai gani ya kuficha chumbani?"

"Jua inamaliza harufu, afande."

Alimpiga mdomoni kwa kitako cha bunduki, kisha akamlazimisha atafune kishada kizima. Mama alikitafuna pamoja na damu, askari akimtazama, akingoja alewe. Hakulewa. Wakamwacha, wakaenda kuvunja kwa jirani.

Tangu hapo alianika uani, juani, kila mpita njia aone. Chai ikawa kama maji ya nyasi. Tuliinywa.