Zamu Yangu ya Kukata Gauni

Jirani yetu kule Lubumbashi alikuwa na jogoo aliyewika saa sita mchana. Asubuhi kimya kabisa. Nyumba yetu haikuwa na saa, baba aliamka kwa jogoo wa watu, na wa karibu alikuwa huyo kichaa. Basi mimi nikachelewa shule, nikachapwa, nikachelewa tena, mpaka darasa la tatu nikasema imetosha. Nikawa nashinda kwa fundi cherehani mmoja nyuma ya soko, namwokotea pini. Jogoo mwenyewe tulikuja kumla kwenye matanga ya jirani huyo, nyama ngumu kama kiatu, lakini hayo siyo niliyotaka kuandika.

Ufundi huo ndio ulionilisha hapa Johannesburg. Tulikuwa mafundi wanne, wote wa Kongo, chumba kimoja Jules Street, upande wa Malvern. Kila mtu na cherehani yake, na ovaloki moja, mashine ya kufunga pindo zisifumuke, tuliyoinunua pamoja. Sheria niliiweka mimi, mkubwa wao: mteja ni wa nyumba. Anayeingia anashonewa na mwenye zamu, apende asipende, na kinachopatikana tunagawana sawa. Kwa sheria hiyo mwenzetu aliyevunjika mguu alikula miezi mitatu bila kugusa sindano. Nani mwingine Joburg atakupa hivyo? Eish, nilijivuna nayo.

Sasa kati yetu kulikuwa na mmoja wa Bukavu, baba wa watoto watatu. Mkono wake haukuwa wa kawaida. Anakutazama tu mlangoni, gauni linakukaa. Watu walitoka hadi mtaa wa Hillbrow kumtafuta. Mimi nawaambia, "Mama, hapa sote ni mkono mmoja." Uongo. Nilijua ni uongo.

Akaja bibi harusi na kitenge cha ndege wa buluu, cha mwisho alichokipata dukani. Akamtaka yeye. Zamu ilikuwa yangu.

"Papa, mwache mama achague," akaniambia yule wa Bukavu; wote waliniita papa, yaani baba, kwa ukubwa wangu.

"Achague leo, kesho mwenye mguu mbovu ale nini?"

"Atakula, nitampa mimi mwenyewe. Kutoa sikatai."

"Zamu ni zamu."

"Haya. Kata, papa. Kata tu."

Nikakata. Ili kuokoa kitambaa nilikikunja kwa upana, nikapitisha mkasi mara moja, mbele na nyuma pamoja, kosa ambalo hata mwanafunzi anakatazwa siku ya kwanza. Ndege wa mbele wakawa wanaruka, wa nyuma wananing'inia vichwa chini kama popo. Bibi harusi alipogeuka mbele ya kioo, dada yake akaangua kicheko: "Wa mbele wanakwenda kanisani, wa nyuma wameshakufa!" Mwenyewe hakucheka. Alikaa juu ya mabaki ya vitambaa akalia. Harusi ilikuwa kesho yake.

Yule wa Bukavu akafumua mgongo wote, akaunga mabaki kipande kwa kipande mpaka ndege wote wakasimama. Mshono huuoni. Bibi harusi alipoondoka, akanigeukia mbele ya wenzetu.

"Papa, kuanzia leo mteja achague. Ovaloki iwe yetu sote, mgonjwa tumlishe sote. Lakini mkono wangu usiupange zamu. Ndiyo au hapana?"

Leo ningesema ndiyo bila kumeza mate. Katika hili sina wasiwasi, hata wale wanaovaa tai na kufanya kazi benki wakinibishia. Watu wagawane mashine, wagawane ugali siku ya ugonjwa. Lakini anayejua kazi kuliko mimi aachwe aende mpaka mkono wake unapofika. Ukimpanga foleni na mimi, hakuna aliyeshiba zaidi. Bibi harusi analia, basi.

Siku ile lakini niliona aibu, nikakaza shingo. "Zamu ni zamu," nikasema.

 Yule wa Bukavu akafunga mkasi wake kwenye gazeti, akabeba cherehani yake. Nikamkumbusha kwamba ovaloki ni yake pia.

"Ibaki," akasema. "Mtaihitaji."

Akatoka, akangoja roboti, taa ya barabarani, igeuke kijani, akavuka barabara, akashika njia ya Jeppestown. Hakurudi tena.